Maelezo ya Zana kama Sehemu ya Uhasibu: Kuunganisha Wakala wa Akili Mnemba na Hesabu za Zahanati, kwa Mfano wa Kata ya Fukayosi, Bagamoyo

Zahanati ya kijiji katika kata kama Fukayosi, Wilaya ya Bagamoyo, huongozwa na mganga mfawidhi ambaye kwa taaluma ni tabibu, wala si mhasibu. Hata hivyo, tangu mwaka wa fedha 2017/18, fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya hupelekwa moja kwa moja katika akaunti ya benki ya kituo, na mfumo wa kutunza hesabu wa FFARS ulianza kutumika mwaka 2017 kwa ajili ya vituo vya kutolea huduma, shule zikiwamo. Tabibu huyo, akishamaliza kuhudumia wagonjwa, hukabiliwa na hati za malipo, daftari la fedha na usuluhishi wa benki. Mzigo huo ndio unaolipa uzito wazo la kutumia wakala wa akili mnemba, yaani programu inayopokea agizo kwa lugha ya kawaida, ikaamua hatua za kuchukua na kuzitekeleza. (Neno lenyewe lina mtego: kijijini wakala ni yule anayetoa na kupokea fedha za simu, naye hujulikana kwa sura.) Muunganisho unaojadiliwa hapa ni wa kubuni, hesabu zinazoguswa ni za kweli.

Modeli ya lugha haioni leja. Hupewa orodha ya zana, na kila zana huwa na jina, maelezo ya kazi yake na vigezo vinavyopaswa kujazwa. Itifaki ya Model Context Protocol, iliyotolewa na kampuni ya Anthropic Novemba 2024, imeweka utaratibu wa pamoja wa kutangaza zana hizo ili programu moja isilazimike kuunganishwa upya kwa kila modeli. Utaratibu huo, hata hivyo, hauandiki maelezo yenyewe. Modeli huchagua zana kwa kusoma sentensi chache zilizoandikwa na mtengenezaji, na sentensi hizo ndizo mafunzo kazini pekee anayopewa karani huyu mpya.

Hapo ndipo lugha inapokuwa suala la kihasibu. Katika Kiswahili, neno “malipo” halioneshi mwelekeo wa fedha. Malipo ya mgonjwa ni mapato ya zahanati. Malipo ya mzabuni ni matumizi yake. Zana iliyopewa jina la “rekodi malipo”, bila maelezo zaidi, inaweza kutumiwa kwa yote mawili, na wakala ataitumia kwa yote mawili. “Deni” nalo hubeba pande zote mbili, ilhali mdai na mdaiwa hutenganishwa na silabi moja tu. “Salio” huleta tatizo jingine: salio la benki na salio la daftari la fedha hutofautiana kila hundi inapokuwa imeandikwa lakini haijawasilishwa benki. Maelezo yanayofaa husema waziwazi: “Huingiza fedha zilizotoka kituoni kwenda kwa mzabuni, usiitumie kwa fedha zilizopokelewa kutoka kwa wagonjwa.” Sehemu ya pili ya sentensi hiyo, inayokataza, mara nyingi huwa na manufaa kuliko ya kwanza.

Kosa zito zaidi halionekani kwa macho. Zahanati hupata fedha kutoka Mfuko wa Pamoja, bima ya afya na malipo ya papo kwa papo, na kila chanzo kina masharti yake ya matumizi. Chukulia kwamba mganga mfawidhi anaagiza: “Andika shilingi 180,000 za mafuta ya pikipiki.” Ikiwa zana inadai kiasi na maelezo tu, ingizo litapokelewa, urari utalingana, na hakuna kengele itakayolia, hata kama gharama imebebeshwa chanzo kisichoiruhusu. Hitilafu itaibuka wakati wa ukaguzi, na atakayetakiwa kujibu hoja ni tabibu. Kwa hiyo chanzo cha fedha na kasma viwe vigezo vya lazima, vichaguliwe katika orodha iliyofungwa, na maelezo yamwagize wakala aulize pale agizo linapokuwa kimya.

Mamlaka nayo yahitaji kutenganishwa. Itifaki iliyotajwa huruhusu zana kubeba alama ya kuonesha kuwa inasoma tu au inabadili taarifa, lakini alama hiyo ni dokezo, si kufuli. Kufuli huwekwa ndani ya programu ya uhasibu. Wakala anaweza kusoma leja na kuandaa rasimu ya hati ya malipo. Kuidhinisha kubaki mikononi mwa watia saini wa akaunti. Zana ya kufuta isiwepo kabisa, kwa kuwa kosa la kihasibu husahihishwa kwa ingizo la marekebisho linaloacha alama. Aidha, mtandao unapokatika kabla ya jibu kurudi, wakala huweza kurudia ombi lilelile na gharama ikaandikwa mara mbili. Namba ya hati ya malipo, ikidaiwa katika kila ombi, huiwezesha programu kukataa nakala ya pili.

Kabla ya modeli yoyote kuhusishwa, maelezo ya zana yanaweza kupimwa kwa karatasi. Mganga mfawidhi hupewa orodha ya zana pamoja na hati za robo mwaka uliopita, kisha huombwa aandike kando ya kila hati zana ambayo angeitumia. Pale anaposita kati ya zana mbili, maelezo ya zana hizo huandikwa upya.