Kiwanja cha bei poa pembezoni mwa jiji: Piga hesabu ya miaka mitatu kabla hujalipa

MFANYABIASHARA mdogo wa Dar es Salaam aliyefanikiwa kuweka akiba ya Sh4 milioni amejinyima mengi. Ameuza nyanya, dagaa au mitumba kwa miaka kadhaa, amecheza upatu, amekatwa hisa kwenye VICOBA, na kila baada ya miezi sita mwenye nyumba amemgongea mlango akidai kodi. Siku dalali anapomwambia kuwa kuna kiwanja cha 20 kwa 20 kinauzwa kwa fedha hiyohiyo, moyo humwenda mbio.

Hapo ndipo wengi hukosea. Wanauliza bei ya kiwanja, hawaulizi bei ya kuishi pale. Kiwanja unakilipia mara moja, lakini nauli, maji na bodaboda utavilipia kila siku utakayoamka katika nyumba hiyo.

Ni kweli kwamba mtu wa kipato cha chini hana pa kukimbilia zaidi ya pembezoni. Maeneo ya katikati kama Kinondoni, Ilala na Magomeni yalijaa zamani. Ndiyo maana mji umetambaa kufuata barabara kuu. Barabara ya Morogoro imeupeleka Kibamba na Kiluvya hadi Kibaha, ya Bagamoyo imeufikisha Bunju, ya Kilwa imeupitisha Mbagala hadi Vikindu wilayani Mkuranga, na ile ya Nyerere imeufikisha Pugu na Chanika. Ng'ambo ya bahari ipo Kigamboni.

Swali si kama uende pembezoni au usiende. Swali ni pembezoni ipi inafaa kwa kazi yako.

Hesabu ya mama muuza nyanya

Tuchukue mfano wa mama anayenunua nyanya Soko la Ilala alfajiri na kuziuza kwenye genge hukohuko mjini. Ameonyeshwa viwanja viwili vinavyolingana ukubwa. Cha kwanza kiko mbali, ndani ya Chanika, bei yake Sh4 milioni. Cha pili kiko karibu zaidi na mji, upande wa Kitunda, bei yake Sh9 milioni. Bei hizi ni za mfano tu. Wewe utaweka zako.

Akiishi kwenye kiwanja cha kwanza, tuseme nauli ya daladala ni Sh1,100 kwenda na Sh1,100 kurudi. Kutoka kituoni hadi nyumbani ni mbali, hivyo anapanda bodaboda kwa Sh1,500 asubuhi na Sh1,500 jioni. Maji hayajafika, ananunua madumu matano kwa Sh500 kila moja. Jumla ni Sh7,700 kwa siku.

Akiishi kwenye kiwanja cha pili, tuseme nauli ni Sh700 kwenda na Sh700 kurudi, na kutoka kituoni anatembea kwa miguu. Maji yapo kwa jirani kwa Sh100 kwa dumu. Jumla ni Sh1,900 kwa siku.

Tofauti ni Sh5,800 kila siku. Kwa siku 26 za kazi ni Sh150,800 kwa mwezi. Kwa mwaka ni Sh1,809,600. Kwa miaka mitatu inafika Sh5,428,800.

Yaani kabla ya miaka mitatu kwisha, ile Sh5 milioni aliyodhani ameiokoa imeshaliwa na barabara na madumu. Haba na haba hujaza kibaba, lakini haba hiyohiyo ndiyo inayokimaliza. Na hapo hatujahesabu saa anazopoteza kwenye foleni, nyanya zinazopondeka akichelewa, wala watoto wanaotoka gizani kwenda shule.

Hesabu hii haimaanishi kwamba kiwanja cha karibu ndicho bora kwa kila mtu. Anayefuga kuku au kulima mchicha na matembele kwa ajili ya kuuza anahitaji nafasi na maji ya kisima, na hendi mjini kila siku. Huyo kiwanja kikubwa cha Chanika, Msongola au Vikindu kinaweza kumlipa vizuri kuliko kile chembamba cha Kitunda. Ila aulize kwanza halmashauri kama ufugaji unaruhusiwa katika eneo hilo, maana mtaa ukishajaa majirani wataanza kulalamikia harufu.

Chagua kwa kufuata soko lako

Kabla ya kumsikiliza dalali, jiulize mzigo wako unatoka wapi na unauzwa wapi. Anayechukua matunda na mihogo kutoka Mkuranga na Rufiji na kupeleka Temeke Stereo atapata nafuu akiishi kando ya Barabara ya Kilwa. Anayefanya biashara ya nafaka Tandale au ndizi Mabibo ataona unafuu upande wa Barabara ya Morogoro, ambako pia kuna kituo kikuu cha mabasi ya mikoani cha Mbezi kilichoanza kazi mwaka 2021. Mtu wa mifugo anajua mnada wa Pugu ulipo. Mwenye biashara ya samaki Feri anaweza kuitazama Kigamboni, lakini aweke kwenye hesabu nauli ya pantoni na muda wa kuisubiri.

Ukishapata upande, nenda mwenyewe mara tatu. Mara ya kwanza nenda siku ya kazi saa 11 alfajiri, upande daladala kutoka hapo hadi sokoni kwako, uone unafika saa ngapi. Mara ya pili rudi jioni pamoja na abiria wanaotoka kazini. Mara ya tatu nenda wakati wa masika, kati ya Machi na Mei. Kiwanja kilichoonekana kikavu Septemba huenda Aprili ni bwawa, na barabara ya vumbi huenda ni tope lisilopitika hata kwa bodaboda.

Ukiwa huko, muulize jirani, si dalali. Jirani atakuambia maji yanatoka siku ngapi kwa wiki, nguzo ya mwisho ya umeme iko wapi, wezi wapo au hawapo, na kama kiwanja unachoonyeshwa kimeshauzwa mara mbili.

Usinunue tetesi

Sifa kubwa ya madalali ni kuuza kitu ambacho bado hakijaja. "Barabara inapita hapa." "Mradi unakuja." Wakati mwingine ni kweli, lakini mradi unaweza kukuletea neema au ukakuondoa.

Kigamboni ni mfano. Mwaka 2008 Serikali ilitangaza mpango wa mji mpya, na wakazi wakazuiwa kuendeleza ujenzi. Miaka ikapita watu wakiwa hawajui wajenge au wasubiri fidia. Daraja lililotarajiwa kwa muda mrefu lilifunguliwa Aprili 2016, na kweli eneo limechangamka. Lakini aliyenunua kwa mkopo mwaka 2008 akitegemea neema ya haraka alisubiri sana.

Treni ya SGR nayo, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, imewapa madalali wimbo mpya. Kumbuka stesheni si kituo cha daladala. Uliza treni zipi zinasimama hapo, saa ngapi na kwa nauli gani, ndipo useme kiwanja kiko karibu na treni. Nunua kwa kile kilichopo leo. Kitakachokuja kesho kihesabu kuwa ni nyongeza.

Maeneo ya kukimbia hata ukipewa bure

Mwaka 2017 nyumba nyingi kando ya Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara kuelekea Kiluvya, zilibomolewa kupisha upanuzi. Zilikuwa ndani ya hifadhi ya barabara, ambayo hapo ilihesabiwa mita 121.5 kila upande kutoka katikati. Wapo waliokuwa wameishi humo miaka mingi, wana umeme, wana maji, na wengine waliamini kabisa kuwa wako salama. Umeme na maji si ushahidi wa umiliki.

Mabondeni ni hivyohivyo. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 jijini, na waathirika wa bonde la Msimbazi wakapelekwa Mabwepande. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Ukionyeshwa kiwanja cha bei ya kushangaza karibu na Mto Msimbazi, Mzinga, Mbezi au Mpiji, pima hizo mita 60 kwanza. Kaa mbali pia na njia za umeme mkubwa, reli, mabomba ya gesi na maeneo ya msitu wa hifadhi kama Pugu.

Karatasi zinazokulinda

Kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999, ardhi yote ni ya umma na Rais ndiye mdhamini. Unachonunua ni haki ya kutumia ardhi kwa muda, ambao kwa hatimiliki unaweza kufika miaka 99. Kwa hiyo karatasi ndiyo mali yenyewe.

Kiwanja chenye hati ndicho salama zaidi, na hicho unaweza kukiwekea dhamana benki siku biashara ikihitaji mtaji. Chukua namba ya kiwanja na kitalu, uende ofisi ya ardhi ukafanye upekuzi uone jina la mmiliki, kama kuna mkopo juu yake, na kama kodi ya pango la ardhi imelipwa. Deni la pango usipoliona mapema litakuwa lako.

Kiwanja kisichopimwa ndicho wengi wetu tunachokimudu. Hapo mauziano huandikwa serikali ya mtaa mbele ya mashahidi na majirani wa mipaka. Hakikisha majirani wote wa mipaka wapo na wanasaini. Uliza halmashauri kama eneo limeshachorwa ramani ya mipango miji na kiwanja chako kimepangiwa nini. Si jambo geni mtu kununua makazi na kukuta kwenye mchoro ni shule, soko au barabara. Ukitozwa asilimia fulani ya bei ofisini, uliza ni ya nini na udai stakabadhi.

Ukivuka mpaka kwenda vijiji vya Mkuranga, Kisarawe au Bagamoyo, unakutana na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999. Huko ardhi iko chini ya halmashauri ya kijiji na mkutano mkuu wa kijiji. Saini ya mwenyekiti peke yake, chini ya mwembe, haitoshi.

Mambo mawili zaidi yamewaponza wengi. La kwanza ni mke au mume wa muuzaji. Nyumba ya ndoa haiuzwi bila ridhaa ya mwenza, hivyo naye asaini. La pili ni ardhi ya urithi. Kama mwenye mali amefariki, muuzaji halali ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, akiwa na barua yake mkononi. Kaka mkubwa wa familia hatoshi.

Kama fedha haitoshi

Msomaji anaweza kusema: hesabu nimeielewa, lakini mkononi nina Sh4 milioni, siyo Sh9 milioni. Zipo njia. Unaweza kununua kiwanja kidogo zaidi katika eneo zuri. Chumba na sebule havihitaji 20 kwa 20. Unaweza kununua kwa awamu kwa kampuni zinazouza viwanja vilivyopimwa, lakini mkataba useme wazi itakuwaje ukichelewa awamu moja, na hati utakabidhiwa lini. Unaweza pia kuendelea kupanga mwaka mmoja zaidi ukiongeza akiba. Kuchelewa mwaka mmoja si hasara kama kunakuokoa na kiwanja kitakachokula faida yako kila siku.

Ukiuziwa pagale, usihesabu tofali tu. Kagua msingi, nyufa na kimo cha nyumba kulinganisha na barabara, kisha ujumlishe kupaua, milango, madirisha, choo na kuvuta umeme. Wengi humaliza fedha kwenye kuta, wakahamia nyumba isiyo na choo.

Usimalize mtaji wa biashara kwenye ardhi. Genge ndilo litakalojenga nyumba, tofali kwa tofali. Genge likifa, kiwanja hakitajijenga.

Kwa hiyo, kabla hujahesabu noti mbele ya dalali, chukua karatasi uandike mistari mitano: bei ya kiwanja, nauli ya siku, maji ya siku, gharama ya kufikisha umeme, na karatasi alizonazo muuzaji. Zidisha zile za kila siku kwa miaka mitatu na ujumlishe zote. Hiyo ndiyo bei halisi ya kiwanja. Kama bado unaimudu, na karatasi zimenyooka, lipa, na ulipe mbele ya mashahidi.