Neva: Safari ya Hisi na Safari ya Mwendo

Neva ni kifungu cha nyuzi nyembamba zinazounganisha ubongo na ugwe mgongo na viungo vingine vya mwili. Kila uzi ni mkia mrefu wa seli moja. Seli iliyo ndani ya mgongo wa mtu mzima huweza kuteremsha uzi wa karibu mita moja hadi kwenye misuli ya unyayo, na uzi huo usionekane ila kwa hadubini.

Nyuzi za hisi huleta habari kutoka kwenye ngozi, misuli na viungo vya ndani; nyuzi za mwendo hupeleka amri kwenye misuli. Katika neva nyingi aina hizi mbili hulala pamoja ndani ya ala moja, ndiyo maana jeraha la panga kwenye kifundo cha mkono huweza kuviacha vidole bila hisi na bila nguvu. Hutengana zinapofika kwenye ugwe mgongo: za hisi huingilia kwenye mizizi ya nyuma, za mwendo hutokea kwenye mizizi ya mbele. Mfaransa François Magendie alilithibitisha hilo mwaka 1822 kwa kukata mizizi hiyo katika watoto wa mbwa, mmoja baada ya mwingine.

Ishara yenyewe si umeme unaotiririka kama katika waya. Uzi unapotulia, ndani yake huwa na chaji hasi, takriban milivolti 70 chini ya nje. Ukisisimuliwa, vijilango vya utando wake hufunguka na chembe za sodiamu zenye chaji chanya huingia kwa kasi. Kisha potasiamu hutoka na hali hurudi kama awali, yote kwa muda wa kama elfu moja ya sekunde. Kipande kilichoamka hukiamsha kinachofuata, hadi mwisho wa uzi. La kustaajabisha ni kwamba ishara ya joto na ishara ya mguso hazina tofauti ya umbo. Ubongo huzitambua kwa njia zilizopitia, na ukali wa jambo huupima kwa wingi wa ishara katika kila sekunde.

Mjerumani Hermann von Helmholtz alipima mwendo wa ishara katika neva ya chura mwaka 1850, akapata kama mita 30 kwa sekunde. Katika mwili wa binadamu, nyuzi nene zilizovikwa mafuta yaitwayo mielini hufikia mita 120 kwa sekunde, na nyuzi nyembamba zisizovikwa huenda kama mita moja tu.

Tofauti hiyo humtokea kila mpishi anayeshika sufuria ya moto. Ishara ya kwanza hufika kwenye ugwe mgongo upesi, hupokewa na seli za huko, na amri hurudi kwenye misuli ya mkono bila kungoja ubongo. Mkono hujivuta kwanza. Maumivu makali huja baadaye kidogo, na yale ya kuunguza, yanayopita nyuzi za polepole, hufuata mwisho.

Sindano ya ganzi ya daktari wa meno huzuia vijilango vya sodiamu kwa muda. Ukoma huharibu zaidi. Bakteria wake, waliogunduliwa na Gerhard Hansen wa Norway mwaka 1873, huishi ndani ya seli zinazovika neva. Wengi huamini kwamba ugonjwa huo hula vidole, na imani hiyo imewatesa wagonjwa kwa karne nyingi. Ukweli ni kwamba mkono usiohisi huungua na kujikata bila mwenyewe kujua, vidonda huoza, na mifupa hupungua taratibu. Dawa za sasa huua bakteria, lakini hazifufui neva iliyokwisha kufa. Kwa hiyo mgonjwa hufundishwa kuvikagua viganja na nyayo zake kila siku kwa macho.