Bomu la Mchezoni na Bomu la Mbagala

Neno bomu limo vinywani mwa watu wote, na labda kwa sababu hiyo wafasiri wetu hawajalichunguza vya kutosha. Katika makala haya tunakusudia kulitazama kwa kupitia mlango usiozoeleka, yaani michezo ya kompyuta, ile ambayo vijana huiita gemu. Wako watakaoona kwamba jambo hili ni la kitoto. Tunawaomba wavute subira, kwani tutafika Mbagala.

Mwaka 1986 kampuni ya Nintendo ya Japani ilitoa mchezo wa kwanza wa mfululizo uitwao The Legend of Zelda. Shujaa wa mfululizo huo hupata vifaa vya kila namna, na kimoja kinachorudi tena na tena ni tufe lenye utambi unaowaka. Shujaa hulitua chini au hulitupa, akajitenga kando, nalo likalipuka na kubomoa ukuta wenye ufa au kufungua mdomo wa pango. Mfasiri akiandika "bomu" hapa hatakosea.

Taabu huanza kifaa hicho kinapobadilika sura. Katika Ocarina of Time ya mwaka 1998 limo bomu linalokimbia sakafuni na kupanda kuta mithili ya panya, na umo mmea unaozaa mabomu. Katika Majora's Mask ya mwaka 2000 limo pipa kubwa la baruti. Katika Twilight Princess ya mwaka 2006 yamo mabomu yanayolipuka chini ya maji. Katika Breath of the Wild ya mwaka 2017 utambi umetoweka kabisa: bomu hulipuka pale mchezaji anapoamuru.

Kwa hayo tunapendekeza bomu-panya, ua-bomu, pipa la baruti, bomu la majini, na bomu la rimoti. Tumesema "la majini" kwa makusudi. "Bomu la maji" litaeleweka kuwa bomu lililojaa maji, kwa mfano ule ule wa bomu la machozi, ambalo limepewa jina kwa kile linachokitoa. Kuhusu bomu-panya, msomaji wa Morogoro huenda akatabasamu, kwani huko shirika la APOPO hufundisha panya buku kunusa mabomu yaliyotegwa ardhini. Panya wa mchezoni ndiye bomu lenyewe. Panya wa Morogoro hulitafuta.

Maneno jirani nayo yasichanganywe. Baruti ni kitu kinacholipuka. Bomu ni chombo kilichobeba kitu hicho. Kombora ni kile kirushwacho kutoka mbali. Mzinga ndio unaorusha. Kilipuzi ni jina la jumla, nalo linafaa katika sheria na taarifa za polisi kuliko katika mazungumzo. Utambi tumeuazima kutoka kwenye taa na unatosha. "Fyuzi" tuwaachie mafundi wa umeme. Ama bomba, lililotufikia kutoka Kireno, kwetu ni la maji au la kupulizia dawa, na mwandishi atakayeandika kwamba "bomba limepasuka Temeke" atawaita watu wa idara ya maji.

Sasa tufike Mbagala. Tarehe 29 Aprili 2009 ghala la silaha katika kambi ya jeshi iliyoko Mbagala, wilayani Temeke, lililipuka. Makombora yaliruka hadi katika makazi ya watu, na watu zaidi ya 20 walipoteza maisha. Tarehe 16 Februari 2011 yakatokea mengine ya namna hiyo Gongo la Mboto, wilayani Ilala, na maelfu ya watu wakakimbia nyumba zao usiku. Kwa istilahi tulizozieleza hapo juu, mengi ya yaliyoruka yalikuwa makombora. Lakini wananchi walisema "mabomu ya Mbagala" na "mabomu ya Gongo la Mboto", na majina hayo ndiyo yaliyobaki. Hatuoni sababu ya kuwasahihisha. Tangazo la hadhari lazima litumie neno ambalo mama auzaye maandazi analitumia, na neno hilo ni bomu.

Hata hivyo neno pekee halitoshi. Mtoto aliyelijua bomu kwa gemu na katuni analijua kama tufe jeusi lenye utambi, kitu kinachocheche na kutoa ilani kabla ya kulipuka. Kilichoanguka uani mwa nyumba hakina utambi. Ni chuma kirefu, pengine chenye kutu, kinachofanana na kipande cha bomba au na vyuma chakavu ambavyo watoto wa mitaa hiyo huokota na kupeleka mizanini. Akiambiwa "usiguse bomu" atatii, kisha ataokota chuma hicho, kwa maana machoni pake si bomu. Kwa hiyo tangazo litaje umbo: "chuma chochote usichokijua".

Liko pia jambo la sarufi, nalo ndilo lililotusukuma kuandika. Silaha iliyoanguka bila kulipuka huelezwa kwa namna tatu: "bomu bovu", "bomu lisilolipuka", na "bomu ambalo halijalipuka". Ya kwanza ni ya hatari. Redio mbovu haisemi, saa mbovu haiendi. Basi bomu bovu, msikilizaji atadhani, halidhuru. Ya pili inapendwa na waandishi wa vichwa vya habari kwa ufupi wake, lakini kirejeshi hicho hakina wakati. Kama vile "mti usiozaa" ni ule ambao tabia yake ni kutozaa, "bomu lisilolipuka" ni lile ambalo tabia yake ni kutolipuka. Mwandishi alikusudia hadhari, naye ametoa dhamana.

Ya tatu ndiyo sahihi, kwa ajili ya silabi moja tu, "-ja-". "Hajafika" humaanisha kwamba bado anangojwa. "Halijalipuka" humaanisha kwamba mlipuko bado umo ndani. Lugha nyingi huhitaji neno la ziada ili kusema hivyo. Sisi tunalo ndani ya kitenzi, na ni hasara kulitupa ili kuokoa nafasi ya neno moja ukutani.

Kwa watumishi wa serikali za mitaa na walimu watakaoandaa mabango, tunashauri maneno haya: "Ukiona chuma usichokijua, usikiguse, usikisogeze, usikirushie jiwe. Huenda ni bomu ambalo halijalipuka. Ondoka, kawaambie watu wazima, na polisi waarifiwe." Tumeweka "usikirushie jiwe" kwa kuwa mchezoni ndivyo mtu afanyavyo: hukilenga kitu kwa mbali aone kama kitalipuka.