Fahamu: Makosa na bahati katika safari ya dawa ya Ebola

Mwaka 1976, daktari Mkongomani Jean-Jacques Muyembe alifika Yambuku, nchini mwake, akidhani anafuata homa ya matumbo au homa ya manjano. Akatoa damu za wagonjwa bila glavu, na ni ajabu kwamba alinusurika. Damu ya mtawa mmoja aliyeugua huko ilipelekwa Antwerp, Ubelgiji, ndani ya thamosi. Kichupa kimoja kilivunjika njiani. Kilichobaki kizima kilionyesha kirusi kisichojulikana: Ebola.

Mwaka 1995 mjini Kikwit, wagonjwa 8 wa Ebola waliongezewa damu ya waliopona, na 7 wakaishi. Wanasayansi wengi walikataa matokeo hayo kwa kuwa hapakuwa na kundi la kulinganisha. Kasoro hiyo ilikuwa ya kweli, lakini wazo lilikuwa na uzito: kingamwili ya manusura mmoja wa Kikwit ndiyo iliyozaa dawa ya mAb114.

Kasoro hiyo ilirekebishwa Kivu Kaskazini, mashariki mwa Kongo, wakati wa mlipuko mwingine wa Ebola. Kuanzia Novemba 2018, katikati ya vita na hofu, jaribio la PALM liligawa wagonjwa kwa bahati nasibu kati ya dawa nne, kwanza Beni, kisha Butembo, Katwa na Mangina. ZMapp, iliyochukuliwa kuwa kipimo cha nyingine, ilishindwa: karibu nusu ya walioipata walifariki. Kwa mAb114 walifariki asilimia 35, na kwa REGN-EB3 asilimia 34. Remdesivir nayo ilianguka, kwa asilimia 53. Lakini mwaka 2020 Marekani iliiruhusu kwa dharura dhidi ya Korona, na usalama wake ulikuwa umeshachunguzwa kwa wagonjwa wa Beni na Butembo.