Kiu ya Mahindi na Ini la Mlaji

Mgonjwa mwenye manjano huulizwa kuhusu pombe, dawa za mitishamba na homa ya ini. Ni nadra kuulizwa iwapo mahindi anayokula yalikomaa katika ukame. Swali hilo lina uzito, na jibu lake huanzia ndani ya seli za mmea.

Mmea hauna mishipa ya fahamu, lakini huhisi ukame mapema. Udongo unapokauka, shinikizo la maji linaloituna seli hushuka. Kalsiamu huongezeka ndani ya seli, na homoni iitwayo asidi ya absisiki hutengenezwa kwa wingi, hasa majanini. Vipokezi vya homoni hiyo vilitambuliwa mwaka 2009. Inaposhikana navyo, hukifunga kimeng'enya ambacho kwa kawaida hukizuia kingine. Hicho cha pili, kikiachwa huru, hufungua milango ya ayoni katika seli linzi zilizo pembezoni mwa vitundu vya jani. Ayoni hutoka, maji huzifuata, seli hunywea na kitundu hufungwa. Tabibu hatauona utaratibu huu kuwa mgeni: figo nayo huhamisha maji kwa kuhamisha chumvi.

Hata hivyo, kitundu kilichofungwa huzuia pia hewa ya ukaa inayohitajika kutengeneza sukari. Ukame ukiangukia wakati wa kuchanua, nywele za hindi huchelewa kutoka ilhali chavua imekwisha kumwagika, na gunzi hubaki na mapengo. Punje zinazokomaa katika joto na kiu hushambuliwa kwa urahisi na kuvu aina ya Aspergillus flavus, atengenezaye sumukuvu.

Si haki kuulaumu ukame peke yake. Nchini Kenya, mwaka 2004, watu 317 waliugua kwa sumukuvu na 125 kati yao walifariki. Mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu yalichangia sana. Shamba huanzisha tatizo, ghala hulikuza.

Kupika ugali hakuiondoi sumu hiyo. Kwa mtu mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B, hatari ya saratani ya ini huongezeka maradufu na zaidi. Punje zilizoota ukungu, zilizosinyaa au kupasuka zitengwe kabla ya kusaga, na wasipewe kuku wala ng'ombe wa maziwa, kwa maana sumu hupita hadi kwenye maziwa anayokunywa mtoto.