Kiti Kwanza, Usukani Baadaye

Simama asubuhi kando ya barabara ya Kasapa, wanakopita wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi kwenda kampasi, utazame magoti ya waendesha baiskeli. Kwa wengi wao, hasa walio juu ya baiskeli za milima ambazo hapa huitwa VTT, goti hupanda hadi karibu na tumbo, kisha huteremka bila kunyooka. Mguu haupati nafasi ya kusukuma. Kijana ana nguvu, mnyororo umetiwa mafuta, magurudumu yamejaa upepo, lakini mwinuko mdogo tu unamlazimisha ashuke atembee. Tatizo ni kiti kilichowekwa chini mno.

Nyingi ya baiskeli hizi ni mitumba. Zilipimwa kwa mwili wa mtu mwingine, katika nchi nyingine, na zinauzwa hivyo hivyo. Mnunuzi naye ana ombi moja kwa fundi wa barabarani: "Papa, nishushie kiti, miguu haifiki chini." Fundi anashusha, mteja anaridhika, na maumivu yanaanza taratibu. Mguu wa mwendesha baiskeli kazi yake ni kufika kwenye pedali. Wewe unaposimama, unateleza mbele ya kiti na kusimama juu ya fremu, mguu huku na mguu huku. Mtu anayejifunza leo ana haki ya kuogopa, na kiti chake kikae chini kwa muda; aliyekwisha kujua hana sababu.

Kipimo cha kwanza hakihitaji chombo chochote. Kaa juu ya kiti ukiegemea ukuta, weka kisigino kwenye pedali, izungushe kinyumenyume hadi ifike chini kabisa. Mguu unatakiwa unyooke, na kiuno kisiinamie upande. Ukihamisha mguu ili sehemu pana, nyuma ya vidole, iwe juu ya pedali, goti litajikunja kidogo. Hapo pametosha. Vaa viatu unavyopandia kila siku, kwa sababu soli nene hubadilisha kipimo.

Anayetaka hesabu, ipo. Mwaka 1967 watafiti Hamley na Thomas wa Loughborough, Uingereza, walieleza kwamba umbali kutoka pedali ikiwa chini hadi juu ya kiti unafaa kuwa asilimia 109 ya urefu wa mguu kwa ndani, kutoka msamba hadi sakafuni. Greg LeMond, Mmarekani aliyeshinda Tour de France mwaka 1986, 1989 na 1990, alieneza hesabu nyingine ya kocha wake Mfaransa, Cyrille Guimard: zidisha urefu huo kwa 0.883, upate umbali kutoka katikati ya ekseli inayozungushwa na mikono ya pedali hadi juu ya kiti. Tuchukue mguu wa sentimita 80. Hesabu ya LeMond inatoa 70.6. Ongeza mkono wa pedali wa sentimita 17, unapata 87.6; njia ya Loughborough inatoa 87.2. Tofauti haifiki nusu sentimita. Njia mbili zisizofanana zinapokubaliana hivyo, mtu anaweza kuziamini kama mahali pa kuanzia, kisha mwili wake umalizie.

Na mwili husema wazi. Maumivu mbele ya goti mara nyingi yanadai kiti kipande. Maumivu nyuma ya goti, au makalio yanayoyumba kushoto na kulia kila unapokanyaga, yanadai kishuke. Badilisha kwa milimita 5 tu, uendeshe siku kadhaa, usikilize tena. Ukipandisha sentimita 4 kwa mara moja, misuli italalamika hata kama kipimo kipya ni sahihi.

Urefu ukishakaa sawa, legeza nati iliyo chini ya kiti, maana kiti huenda pia mbele na nyuma. Mikono ya pedali ikilala sambamba na ardhi, uzi wenye jiwe ulioning'inizwa chini kidogo ya kifuniko cha goti la mbele upite karibu na ekseli ya pedali. Mafundi wakubwa duniani wanabishana kuhusu kipimo hiki, lakini kwa anayeanza kinatosha. Kiti kilale sawasawa. Pua ikitazama juu, utaumia mahali usipotaka kupataja. Ikitazama chini sana, utateleza mbele na mikono itabeba mwili wote.

Ndipo tunafika kwenye usukani, na naomba mpangilio huu uheshimiwe, kwa sababu kila kiti kinapohama, umbali wa kufikia usukani nao unabadilika. Kwa safari za kila siku, usukani uwe sawa na kiti au juu yake kidogo, viwiko vijikunje, mabega yatulie. Kidole kidogo na jirani yake vikifa ganzi, viganja vinabeba uzito uliozidi na kubana mshipa wa fahamu. Breki nazo ziinamishwe hadi vidole vilivyonyooka vifuate mstari wa mkono. Wengi huziacha zimelala, na kifundo cha mkono kinapindika safari nzima.

Kwenye baiskeli za zamani, shingo ya usukani huingia ndani ya bomba: legeza bolti ya juu mizunguko michache, igonge ukiwa umeweka kipande cha ubao, shingo itaachia. Kwenye mpya, urefu hutokana na pete zinazopangwa chini au juu ya shingo. Hapo mafundi wengi hukosea. Bolti ya juu kabisa kazi yake ni kuondoa mchezo kwenye beringi; kinachoshika shingo ni bolti mbili za ubavuni. Kaza ya juu kwanza, kwa wastani, ndipo ukaze za ubavuni.

Mabingwa wa baiskeli za milima hushusha kiti wanapoteremka majabali ili mwili uwe huru. Lakini Kasapa iko juu ya uwanda wa zaidi ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na vijia vyake, vumbi wakati wa kiangazi na matope wakati wa mvua, vinapita kati ya vichuguu virefu kuliko mtu. Hapa tunakanyaga zaidi kuliko tunavyoteremka. Kiti kibaki juu.

Wabeba makaa kwa baiskeli ninawaweka kando. Mtu anayeingia mjini na magunia yanayompita kichwa husukuma sehemu kubwa ya njia, na anapopanda anahitaji mguu ufike chini upesi, mzigo usimwangushe. Yeye kinachomfaa ni baiskeli iliyobuniwa kwa mzigo. Tom Ritchey, mmoja wa waliounda baiskeli za milima huko California miaka ya 1970, alipofika Rwanda mwaka 2005 aliwabunia wakulima wa kahawa baiskeli ndefu ya kubebea magunia. Katanga yetu hii nayo inastahili chombo kama hicho.

Wewe unayekwenda kununua VTT wiki hii, usianze na rangi wala gia. Mwombe muuzaji akushikie baiskeli, apandishe kiti, nawe uweke kisigino kwenye pedali. Bomba la kiti limechorwa alama ya mwisho wa kulivuta. Likipita hapo linaweza kupasua fremu au kukatika ukiwa barabarani. Kama alama imefikiwa na mguu wako bado haujanyooka, fremu hiyo ni ndogo kwako. Usiilipe.