Mtoto Akidhoofika Misuli, Tuuangalie na Moyo Wake

Leo tuzungumzie ugonjwa ambao hautajwi sana kwenye mikutano yetu, ingawa umevunja nyumba za watu. Ni ugonjwa wa kudhoofika misuli. Aina inayojulikana zaidi, tena kali, inaitwa Duchenne.

UTAUTAMBUAJE?

Karibu wote wanaoupata ni wavulana. Mtoto huzaliwa akionekana sawa. Kati ya miaka 2 na 5 mnaanza kuona mambo: alichelewa kutembea, anaanguka mara kwa mara, anatembea kwa ncha za vidole. Akitaka kuinuka kutoka chini anajishika magoti, halafu mapaja, anajipandisha kwa mikono. Mashavu ya miguu yamenona, watu wanasema ana nguvu, kumbe hana. Wengi wakifika kama miaka 12 huwa hawawezi tena kutembea.

Huku kwetu ziwani wengine husema ni chira, na lawama zote hubebeshwa mama. Tuseme wazi: hapana mwiko uliovunjwa hapa. Kasoro iko kwenye kromosomu X, ambayo kila mvulana hupewa na mama yake. Mama aliye nayo hakuichagua, na mara nyingi hajui kama anayo. Kila mtoto wa kiume atakayemzaa ana nafasi nusu kwa nusu ya kuugua. Tena kwa karibu thuluthi moja ya wagonjwa, mama hana kasoro yoyote. Imeanza kwa mtoto mwenyewe. Basi kumfukuza mama ni dhuluma, na mtoto anabaki bila mtu wa kumwinua.

KINATOKEA NINI MWILINI?

Msuli unahitaji protini iitwayo distrofini, iliyotambuliwa na wanasayansi huko Marekani mwaka 1987. Wavuvi watatuelewa: ni kama kamba ya pembeni ya wavu. Wavu usio na kamba hiyo huraruka kila unapovutwa. Msuli nao, bila distrofini, huraruka kila ukifanya kazi, na mahali pake panajaa mafuta na makovu.

Sasa, moyo nao ni msuli. Watu huangalia miguu ya mtoto, wanausahau moyo. Unaharibika polepole, bila maumivu, na mtoto asiyekimbia hata haonekani akihema. Siku hizi moyo ni moja ya sababu kubwa za vifo vya vijana wenye Duchenne.

WAJUMBE WA DAMU

Ndani ya damu kuna wajumbe wadogo waitwao peptidi, yaani vipande vifupi vya protini. Baadhi yao hubana mishipa ya damu, wengine huilegeza. Anjiotensini ni mmoja wa wanaobana. Mtu akipoteza damu au maji mengi, anjiotensini huiinua presha na kumwokoa. Lakini ikikaa juu siku nyingi katika moyo uliojeruhiwa, inauchosha na kuuzidishia makovu.

Kabla haijapata nguvu, anjiotensini hukatwa na protini nyingine iliyo kama mkasi. Mkasi huohuo humharibu mjumbe mwingine, bradikinini, ambaye kazi yake ni kulegeza mishipa. Dawa kama enalaprili huuzuia mkasi huo: mbanaji anapungua, mlegezaji anabaki. (Ndiyo maana wengine wanaozitumia hupata kikohozi kikavu.) Dawa ya kwanza ya kumeza ya jamii hii, kaptoprili, ilitokana na utafiti juu ya sumu ya nyoka wa Brazili, na iliruhusiwa Marekani mwaka 1981.

Je, zinasaidia watoto hawa? Madaktari wa Ufaransa walichukua wavulana 57 wenye Duchenne ambao mioyo yao ilikuwa bado sawa. Kundi moja lilianza mapema dawa iitwayo perindoprili. La pili lilianza miaka 3 baadaye. Matokeo ya miaka 10 yalitolewa mwaka 2007: kati ya 28 walioanza mapema, 26 walikuwa hai, kati ya 29 waliochelewa, 19. Ndiyo sababu mwongozo wa madaktari wa mwaka 2018 unasema dawa za jamii hii, au losatani iliyo karibu nazo, zianzwe kabla mtoto hajapita miaka 10, hata kama moyo haujaonyesha dalili. Haziponyi ugonjwa. Zinaununulia moyo muda.

KIKUNDI KIFANYE NINI?

1. Mkiona dalili tulizotaja, mpelekeni mtoto zahanati na muombe barua ya rufaa. Hapa Kisumu tuna Hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga, ile wazee wanaiita Russia.

2. Ombeni moyo wake upimwe kila mwaka, si miguu peke yake. Mama naye apimwe moyo, maana kasoro hii yaweza kumgusa hata yeye.

3. Dawa hizi ni zilezile nyanya anazopewa kwa presha, lakini msimgawie mtoto vidonge vya nyanya! Kipimo hutolewa na daktari, na figo huangaliwa kwa damu. Mtoto akiharisha au kutapika sana, mrudisheni hospitali haraka, kwani dawa yaweza kuumiza figo zilizokosa maji. Mama mjamzito asizitumie kabisa.

4. Tumieni mfuko wa chama kwa nauli. Safari moja kwa mwaka haimshindi mtu akichangiwa na wenzake ishirini.

5. Msaidieni mzazi kumwandikisha mtoto kwenye Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, na ongeeni na mwalimu ili asiache shule.

Kwenye mkutano ujao, katibu aulize: kuna mtoto wa namna hii kijijini kwetu, na ana miaka mingapi? Kama hajafika 10, wakati bado upo.